Mama Hana Sauti, Ingieni Tu

Ua wetu uliendeshwa kwa sauti yangu. Jiko liko nje, nyuma ya nyumba. Lango la bati liko mbele, upande wa barabara. Chumba cha mama mkwe kiko mwisho wa korido. Aliye jikoni haoni lango, na aliye langoni hajui kama jikoni kuna mtu. Kwa hiyo tangu nilipoolewa na kuletwa hapa Mbeya, mambo yote yalipita hewani: kuwaita watoto uwanjani, kumwitikia muuza maziwa, kuwafukuza kuku kwenye mchicha, kumkumbusha mama dawa zake za presha, kumkaribisha anayebisha hodi. Mume wangu ni dereva wa lori, maisha yake ni Tunduma na Dar es Salaam, Dar es Salaam na Tunduma, na alizoea kusema kwamba akinisikia tangu kona ya dukani moyo wake hutulia kabla hajaiona nyumba.

Sauti hiyo niliiacha hospitalini. Ninasimulia yaliyofuata kwa sababu niliporudi nyumbani hapakuwa na mtu wala karatasi ya kunieleza familia inaishije na mama asiyeweza kuita.

Nilikuwa na goita, uvimbe wa tezi ya shingo. Kwa sisi tuliozaliwa kwenye milima ya Makete huo si ugonjwa mgeni. Udongo wa nyanda za juu kusini una madini joto kidogo, na wazee wetu walikula kilichoota humo bila nyongeza yoyote. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo, kubwa, na siku zote aliifunika kwa kitenge. Miaka ya 1980 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 ikawa sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini hayo. Watoto wangu wamekulia kwenye chumvi hiyo na shingo zao ni nyembamba. Yangu ilikuwa imeshaanza. Iliongezeka polepole mpaka nikawa siwezi kulala chali, maana ilibana bomba la hewa. Daktari akasema itoke, ikatolewa tezi yote. Leo ninalala chali na kupumua. Upasuaji ule niliuhitaji, na haya ninayoyaeleza hayabadilishi hilo.

Nilipozinduka niliomba maji. Kilichotoka ni pumzi tupu. Muuguzi akanieleza kwa upole kwamba mpira wa kupumulia huwa unakwaruza koo wakati wa upasuaji, kwamba baada ya siku chache nitaongea. Kwa wagonjwa wengi maneno hayo ni kweli. Niliruhusiwa na kidonge cha homoni cha kumeza kila alfajiri kabla ya kula, vidonge vya kalsiamu kwa ajili ya ganzi ya midomo na vidole, na maelekezo ya kusafisha kidonda. Kuhusu sauti hapakuwa na mstari hata mmoja.

Kizaazaa cha kwanza kilikuja na wageni. Kwetu mgonjwa akirudi kutoka hospitali watu huja kumpa pole, na mtu mstaarabu haingii bila kuitikiwa. Watoto wakubwa walikuwa shuleni. Mama mkwe masikio yake yamechoka kwa uzee. Mimi nilikuwa kitandani, nikisikia kila hodi, nikijibu “karibu” kwa upepo usiofika hata kwenye pazia. Wageni walibisha, wakasikia redio inalia na mtu anakohoa ndani, wakangoja, wakaondoka. Akina mama wa VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, walisimama langoni na bahasha ya mchango wao, wakarudi nayo. Kabla wiki haijaisha habari ilikuwa imeshazunguka mtaani: amerudi kutoka hospitali, hataki kuonana na watu.

Binti yangu mkubwa anasomea uuguzi, na ndipo akaja likizo. Alipopata habari hiyo dukani alirudi na hasira, akachukua boksi la sabuni, akalikata, akaandika kwa kalamu nene: MAMA HANA SAUTI. INGIENI TU, KARIBUNI. Akalifunga langoni kwa waya.

Waliingia. Akina mama wa VICOBA waliingia wakilia na kuomba radhi, na bahasha yao. Lakini aliingia pia muuza vyombo, akapanga masufuria yake sebuleni na kuanza kunitajia bei. Waliingia vijana wa kuuza dawa za mitishamba, ambao kwao mtu asiye na sauti alikuwa mteja aliyeletwa na Mungu. Siku moja nilitoka chumbani nikamkuta mwanaume nisiyemjua amekaa kwenye kochi anangoja chai, kwa sababu bango lilisema karibuni. Sikuweza kumwuliza ametoka wapi, wala kumwambia aondoke. Jioni hiyo bango likatolewa.

Hata hivyo kilichoniumiza zaidi kilikuwa ndani, kati yangu na mama mkwe.

Kwa miaka mingi nilizoea kuinama sikioni kwake na kusema kwa nguvu. Hakuna aliyemsemesha hivyo isipokuwa mimi. Watoto humchoka, majirani humpungia mkono tu. Sasa ghafla aliniona midomo yangu inacheza na hasikii kitu. Alidhani ninamnung'unikia. Akaniuliza, “Mwanangu, nimekukosea nini?” Nikajibu, akaona midomo tena na kimya kile kile. Nikashika shingo kumwonyesha kidonda, akadhani ninaapa. Akaacha kuja mezani. Chakula akawa analetewa chumbani kwake na sahani inarudi nusu.

Mume wangu naye alipiga simu kutoka Makambako, injini inanguruma. Nilipopokea na kuongea kwa nguvu zangu zote, nikamsikia, “Haloo? Haloo? Mtandao huu!” Akakata. Akapiga tena, akakata tena. Ujumbe niliomwandikia ulisema sauti bado, naendelea vizuri, kwa maana sikutaka aendeshe lori huku ana mawazo. Kisha akampigia mama yake kupitia kwa jirani, na jirani akazungumza kwa niaba ya mama: mkeo amenuna, hamsemeshi mzazi wako, hajulikani ana nini.

Alirudi akiwa na kaka yake mkubwa, maana jambo la mke kumnunia mkwe haliamuliwi na mtu mmoja. Tukakalishwa sebuleni. Shemeji akafungua kikao kwa sala na kueleza kwa utaratibu kwamba familia ni kusemeshana, na mwenye neno alitoe. Wote wakanigeukia. Nikaanza kueleza tangu hospitalini. Nilivuta pumzi, nikasema maneno matatu, pumzi ikaisha, nikavuta nyingine. Mishipa ya shingo ilisimama. Mume wangu alikuwa amekaa karibu yangu kuliko wote na ndiye wa kwanza kuelewa. Alikuwa safarini siku niliyopasuliwa, safarini niliporuhusiwa. Alikuwa hajanisikia ana kwa ana. Akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake, akamwambia sikioni kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia, “Mama! Huyu hajanuna! Hana sauti!” Akarudia. Akarudia tena. Kuku wakatoka mbio chini ya dirisha.

Mama mkwe alichukua kigoda chake, akaja kukaa mbele yangu mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika kidevu na kunigeuzia kwenye mwanga wa mlango. “Sema sasa,” akasema. “Nitautazama mdomo.”

Nikasema. Akaelewa kila neno. Miaka yote ile tuliyodhani anasikia kidogo kidogo, kumbe, akiwa karibu na penye mwanga, alikuwa anatusoma midomo, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Tangu siku hiyo akawa msemaji wangu. Alihamishia kigoda chake barazani, mkabala na lango, akiwaona wageni kabla hawajabisha. Nikitaka kitu namtazama, nasema polepole, naye hupaza: “Mama yenu anasema leteni kuni!” Sauti yake ni kavu, haina mzaha, na watoto walimtii haraka kuliko walivyowahi kunitii mimi. Watoto wenyewe aliwafundisha kitu ambacho madaktari wangetamani kila familia ijue: msimwulize mama kutoka chumba kingine, nendeni ulipo mdomo wake. Mzigo wa mazungumzo ulihama kwenye koo langu ukaingia kwenye miguu yao, na hapo ndipo ulipostahili kuwa.

Yapo mambo ambayo mtu wa barazani asingeyaweza. Asubuhi moja nilikuwa naanika nguo mwisho wa ua. Sufuria ya uji ilikuwa juu ya jiko la mkaa, na kitinda mimba wetu, ambaye hajaanza hata chekechea, akaifuata akiwa na kikombe chake. Nilifungua mdomo kupiga kelele. Hakuna mzazi anayefikiri wakati kama huo. Kelele hutoka yenyewe. Yangu haikutoka. Nilipiga makofi, mtoto akacheka na kupiga makofi naye, kisha akaendelea. Nilikimbia. Nilimnyakua sufuria ikiwa imeshainama, na uji ukanimwagikia mguuni. Yeye hakuguswa na tone. Mguu wangu ulipona, lakini kwa majuma mengi niliota mdomo wazi usiotoa kitu.

Mume wangu alisikiliza kisa hicho na hakusema neno. Safari iliyofuata alirudi na ringi kuukuu ya gurudumu la lori, akaitundika kwenye mparachichi kwa mnyororo, akanipa na kipande cha nondo. Pigo moja, kila mtoto asimame pale alipo. Mapigo mfululizo, waje mbio. Wanangu walifanya mazoezi jioni nzima wakifurahi. Kesho yake, saa nne kasoro, nilimwona kitinda mimba akielekea kisimani kwa jirani, nikagonga mfululizo kwa nguvu zangu zote. Mtoto aligeuka akaja mbio. Na shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu, ambayo kengele yake ni ringi kama hiyo hiyo, ikamwaga watoto uwanjani kwa mapumziko. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe baada ya kuwarudisha madarasani. Mama mkwe alimpokea langoni na kumweleza. Yule mwalimu aliiangalia ringi, akaniangalia shingo, akaomba kwa heshima kwamba kwetu tutumie bomba la chuma badala ya ringi ili mlio utofautiane. Siku ile ile mchana alituma wanafunzi wawili wakaleta bomba. Lipo mpaka leo.

Sijaeleza bado habari ya maji, na hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa daktari.

Tangu niondoke hospitali nilikuwa napaliwa. Si kwa ugali, si kwa viazi. Kwa maji na chai. Kidonge changu cha alfajiri kilihitaji maji, kwa hiyo kila siku ilianza kwa kikohozi cha kunitoa machozi, na kikohozi chenyewe hakikuwa na nguvu, kilikuwa pumzi zinazopita bila kufukuza kitu. Mama mkwe huamini kwamba anayepaliwa anatajwa na mtu mahali fulani, akawa ananihurumia kwa jinsi nilivyosemwa sana. Binti yangu wa uuguzi hakukubali. Alisema maji yanayopita njia isiyo yake yanakwenda kwenye mapafu, na mapafu yenye maji hupata nimonia. Alinipeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari alinipulizia dawa ya ganzi puani, akapitisha waya mwembamba wenye kamera mpaka juu ya koromeo, akanigeuzia kioo nione. Ilichukua dakika chache. Pale ndani kuna nyuzi mbili za sauti. Alinieleza kwamba ni kama mlango wa mbao mbili: ukivuta pumzi mbao zote hufunguka, ukisema au ukimeza hufungwa zikutane katikati. Akaniambia niseme “iii”. Ubao wa kulia ulikuja katikati. Wa kushoto ulibaki pale pale, umelegea, na hewa ikapita kwenye upenyo. Upenyo huo ndio uliokuwa unakula sauti yangu, unaofanya pumzi iishe baada ya maneno matatu, unaopitisha maji, unaonyima kikohozi nguvu. Mambo yote niliyodhani ni matatizo manne yalikuwa tatizo moja.

Uzi wa sauti unasogezwa na neva, na neva hiyo ina njia ya ajabu. Inatoka kwenye ubongo, inashuka shingoni na kulipita koromeo bila kusimama, inaingia kifuani. Ya kushoto inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo, halafu inapanda tena kati ya bomba la hewa na umio, ikipita nyuma kabisa ya ile tezi niliyotolewa. Twiga naye anayo, na kwake hushuka shingo nzima na kupanda tena, mita kadhaa, ili kufika mahali palipo sentimita chache tu kutoka ilipoanzia. Kwa binadamu unene wake ni kama milimita 2. Mpasuaji anayetoa goita kubwa anafanya kazi juu ya uzi huo huo. Ukivutwa, ukibanwa, ukipata joto la chombo cha kuzuia damu, hata bila kukatwa, unaweza kunyamaza.

Binti yangu alinisomea kwamba jambo hilo limejulikana tangu karne ya 2. Daktari mmoja wa Roma aliyeitwa Galen alimfunga nguruwe mbele ya watu, nguruwe akawa anapiga kelele, kisha akakata neva hizo mbili. Nguruwe aliendelea kujitupa lakini sauti ikakatika pale pale. Mama mkwe, ambaye amefuga nguruwe maisha yake yote, aliuliza swali moja: “Huyo nguruwe alipona?” Binti hakuwa na jibu. Mimi nililiwaza swali hilo usiku kucha.

Majibu kuhusu binadamu yapo, na ningependa kila anayetoka kwenye upasuaji wa tezi ayapewe kabla hajafika nyumbani. Kwa makadirio ya kawaida wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 hupata udhaifu wa muda wa uzi wa sauti, na 1 au 2 hubaki nao. Goita ikiwa kubwa au ikiwa ni upasuaji wa kurudia, hatari huongezeka. Neva iliyovutwa tu mara nyingi huamka ndani ya miezi sita, wakati mwingine mwaka. Isipoamka, madaktari wanaweza kuujaza uzi uliolegea kwa sindano ili usogee katikati, au kuweka kipandikizi kidogo kwenye gegedu la koromeo kiusukume, njia ambayo daktari Mjapani, Nobuhiko Isshiki, aliieleza katika miaka ya 1970. Sikuwa mtu wa kukata tamaa. Nilikuwa mtu asiyejua.

Kuhusu kunywa, msaada ulikuja siku ile ile ya kamera. Niliambiwa nimeze nikiwa nimeinamisha kidevu kifuani na kugeuza uso upande wa kushoto, upande ulioumia, nipige funda dogo dogo, nisiongee chakula kikiwa mdomoni, na pale maji yanaposumbua ninywe uji mzito badala yake. Niliporudi tulibadilisha meza yetu. Uji ukawa kinywaji cha kila mtu wakati wa kula ili nisikae peke yangu na bakuli langu. Kitinda mimba alidhani kuinamisha kidevu ni adabu mpya ya nyumbani, akawa anakunywa hivyo hivyo, uso kushoto, na watoto wa jirani wakamwiga.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alikuwa mbali. Watu wa fani hiyo ni wachache mno nchini, nikaelekezwa Dar es Salaam. Mume wangu akanipandisha kwenye lori lake. Ni zaidi ya kilomita 800, na ndani ya kichwa cha lori hata mwenye koo zima hulazimika kupayuka. Nilikaa kimya mpaka Iringa. Tulipoteremka Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wakitukimbilia dirishani, aliegesha, akazima injini, akafunga vioo, akasema, “Sasa nieleze yote, Mama Watoto. Tangu mwanzo.” Nilieleza kwa pumzi fupi fupi, na wauza vitunguu waligonga kioo wakachoka. Katika ndoa yetu yote hatukuwahi kukaa kwenye lori hilo injini ikiwa imezimwa.

Yule mtaalamu alianza kwa kunikataza kunong'ona. Nilidhani kunong'ona ni kupumzisha koo. Alinieleza kwamba mnong'ono wa kulazimisha hukaza misuli ya juu ya koromeo na kuichosha bure. Alinifundisha kukaa wima, kuvuta pumzi tumboni, kusema maneno machache kwa kila pumzi na kuacha kabla haijaisha. Alinipa na zoezi la mrija: mwisho mmoja mdomoni, mwingine ndani ya glasi ya maji, unapuliza huku ukitoa mlio wa “uuu” mpaka maji yachemke povu. Mgandamizo wa maji husaidia nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu.

Nyumbani zoezi hilo lilizaa vita vya mirija. Kila mtoto alitaka glasi yake. Meza ilijaa maji, daftari la hesabu la mwanangu wa darasa la tano likalowa, na mama mkwe, asiyesikia milio ile, aliona mapovu tu na kudhani tunacheza wakati vyombo havijaoshwa. Niliwaruhusu waendelee. Mtu anayetoa mlio dhaifu peke yake chumbani anaujua unyonge. Nikiwa na watoto kila mmoja analia kwenye glasi yake sikuweza kuupima wangu. Na ni kwenye glasi hiyo, jioni moja, mlio wangu ulipoacha kuwa upepo. Ulikuwa mzito, chini kabisa, wenye kukwama. Watoto waliacha kupuliza. Mwanangu wa darasa la tano akasema, “Mama, umesikika.”

Niseme ukweli kuhusu kile ambacho hakikurudi. Niliimba sauti ya kwanza kanisani tangu nikiwa msichana. Mwalimu wetu wa kwaya alinitembelea na kunisimulia habari za Julie Andrews, mwigizaji Mwingereza wa filamu ya The Sound of Music ya mwaka 1965. Alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti mwaka 1997 na hakuweza tena kuimba kama zamani. Baadaye alifanya kazi ya kuandika vitabu vya watoto pamoja na binti yake. Mwalimu alitaka kunifariji. Nilimshukuru, lakini faraja haikutosha, na sioni haja ya kujifanya ilitosha. Kupoteza wimbo ni msiba, na msiba hauponi kwa kuonyeshwa msiba wa mwingine. Sasa nafundisha watoto wa kwaya maneno ya nyimbo, nikiyasoma tu, wao wakiimba. Jumapili nyingine naweza. Jumapili nyingine nakaa nyuma.

Sokoni Mwanjelwa, ninakouza mchele, mambo yalikuwa mepesi kuliko nilivyoogopa. Niliandika bei kwenye vibao na kuvichomeka kwenye kila ndoo. Wanaotaka kupunguziwa huandika yao kwenye simu na kunionyesha.

Mwaka ulipokaribia kutimia daktari alirudisha kamera. Uzi wa kushoto haujaamka vizuri. Unasogea kidogo tu. Lakini wa kulia umejifunza kuvuka katikati na kumfuata mwenzake alipo. Upenyo umezibika kwa sehemu kubwa. Maji nakunywa. Nakohoa. Naongea mpaka alasiri, na jioni koo likichoka bomba la chuma linafanya kazi yake na mama mkwe anafanya yake. Sindano niliambiwa nikiitaka ipo, na bado ninaifikiria pamoja na mume wangu.

Mpasuaji wangu simlaumu kwa neva iliyonyamaza. Hatari hiyo ipo hata kwenye mikono bora, na mtu aliyeokoa pumzi yangu siwezi kumwita adui. Ninalolidai ni dogo na halina gharama kubwa: mgonjwa wa tezi atazamwe nyuzi za sauti kabla ya kupasuliwa na baada yake, na aambiwe kwa lugha anayoielewa, pamoja na yule atakayeishi naye, kwamba sauti inaweza kuondoka, inaweza kurudi, na nini kifanyike wakati wa kungoja. Kama ningeambiwa hayo siku ya kuruhusiwa, mama mkwe wangu asingekula chumbani peke yake akidhani amenikosea.

Wewe unayesoma, kama kwenu yuko mtu aliyepasuliwa shingo na majuma mawili yamepita sauti ikiwa bado upepo, mpeleke kwa daktari wa koo hata kama kidonda kimefunga vizuri. Kama anapaliwa na maji, usingoje majuma mawili. Na kama anapumua kwa mlio, anavuta hewa kwa shida, basi huenda nyuzi zote mbili zimekwama katikati. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ukifika, omba koromeo litazamwe kwa kamera. Mimi nilikaa bila kuitwa kwenye kamera hiyo mpaka binti yangu alipoiomba.